Kibegi cha kiunoni cha mama, na makosa niliyoyafumua mpaka kikakaa

Ngoja niandike haya yote nikiwa bado nayakumbuka, maana kibegi cha tatu nimekimaliza juzi juzi tu na vipimo bado viko kwenye karatasi mezani, nikichelewa karatasi itapotea na vipimo navyo.

Mama yangu aliumia goti la kushoto, na tangu hapo anatembea na fimbo. Fimbo inashikwa kwa mkono wa upande wa pili wa mguu unaouma, kwahiyo mkono wake wa kulia umeshapata kazi ya kudumu, amebaki na wa kushoto tu, na huo huo ndo wa kufungulia mlango, wa kushikia ukuta akipanda ngazi, wa kupokelea simu, wa kutafutia funguo. Mkoba wa begani ulikuwa unamtelezea kila akiinama, unaning'inia mbele ya fimbo, mara mbili nusura umwangushe. Nikawaza kibegi cha kiunoni. Kiswahili chenyewe kina neno zuri sana kwa jambo hili, kibindo, ule mkunjo wa nguo kiunoni wa kufichia hela, mpaka leo mtu akipata kitu tunasema amekitia kibindoni. Nilitaka mama apate kibindo chake, ila chenye zipu.

Tulianza na cha kununua. Kilikuwa kizuri kwa macho lakini klipu yake ilikuwa ndogo, zile za kubonyeza pande mbili kwa wakati mmoja, na mama vidole vyake vina ugonjwa wa viungo, asubuhi havikunji vizuri. Alihangaika nayo pale kwenye kiti mpaka akaniambia, "Mwanangu niachie tu, nitaendelea na mfuko." Lile neno niachie tu lilinikaa moyoni siku nzima. Nina cherehani nyumbani, najua kupiga pindo, kushona foronya, kupunguza suruali, nikasema basi hiki nitakishona mwenyewe.

Cha kwanza nilikikata kwenye suruali ya zamani ya jinzi. Mistatili miwili ya sentimita 24 kwa 16, zipu juu, mkanda kila upande, kwisha. Mezani kilionekana safi kabisa, nikaingiza simu ikaingia, nikafurahi. Alafu mama akakivaa. Akaweka simu, funguo, kidonge chake kwenye kile kikopo kidogo, leso, na miwani, kibegi kikavimba katikati na zipu ikaanza kupanda kilima, haifungi mpaka uikandamize kwa mkono wa pili, na mkono wa pili ndo huo hana. Hapo nilielewa kitu ambacho mezani huwezi kukiona: kitambaa bapa ukikijaza vitu kinajivuta, unene ukiongezeka urefu na upana vinapungua, kwahiyo kile kipimo cha 24 kwa 16 ulichokipima kikiwa kimelala hakipo tena kikishajaa. Kibegi lazima kiwe na ubavu, yaani ule ukanda wa kuzunguka unaokipa kina, hata sentimita 6 tu zinatosha kubadilisha kila kitu.

Na zipu. Simu ya mama ina urefu wa sentimita 16, mimi niliweka zipu ya 18 nikaona mbili za ziada zinatosha. Sikuhesabu kwamba mshono unakula sentimita moja kila mwisho, na sikuhesabu vidole. Simu haiingii yenyewe, inaingia ikiwa imeshikwa na mkono, na mkono nao unahitaji njia ya kutoka. Sasahivi napima hivi: nachukua kitu kirefu kuliko vyote kitakachoingia, nakishika kama ninavyokishika kila siku, napima kuanzia pembe ya kitu mpaka kifundo cha kidole kilichojitokeza, naongeza sentimita mbili. Kwa mama ilitoka 22 ya mdomo ulio wazi, sio 18.

Cha pili nikakipa heshima zaidi. Nilinunua turubai ya pamba, nene ila inayokunjika, na bitana ya pamba nyepesi rangi ya maziwa. Hili la rangi ya bitana naomba mtu asilipuuze, ndani ya begi kuna giza, ukiweka bitana nyeusi unatafuta funguo nyeusi ndani ya shimo jeusi, mtu mwenye macho ya umri wa mama anateseka bure, bitana iwe ya rangi nyepesi uone kila kitu. Turubai niliifua kwanza na kuipiga pasi kabla ya kukata, na nashukuru nilifanya hivyo, kipande cha sentimita 50 kilirudi 48, fikiria kingerudi baada ya kushonwa na zipu ambayo yenyewe hairudi, begi lote lingekunjamana kando ya zipu.

Modo, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa, nilichora kwenye karatasi iliyokunjwa katikati ili kulia na kushoto vilingane. Mbele na nyuma upana 26, kimo 15, pembe zote nikazizungushia kikombe ziwe za mviringo, alafu nikaongeza sentimita moja ya mshono kuzunguka. Kosa likaja kwenye ubavu. Nilichukua tepu nikapima kuzunguka ukingo wa kitambaa nilichokata, nikakata ubavu urefu huo huo, nikaanza kushona, nafika mwisho ubavu umezidi kama sentimita 6 hivi. Nikadhani nimevuta kitambaa, nikafumua, nikarudia, zikazidi zile zile. Nilikaa chini nikafikiri mpaka nikaona: mshono haupiti ukingoni, unapita sentimita moja ndani, na kwenye umbo la kuzunguka njia ya ndani ni fupi kuliko njia ya nje, kama vile mtu anayezunguka uwanja kwa ndani anavyotembea kidogo kuliko wa nje. Ubavu unapimwa kwenye mstari wa mshono. Sasa huwa nauchora ule mstari kwa chaki kabla ya kupima chochote.

Ubavu wa juu ndo unabeba zipu, na hapa watu wengi huwa wanachanganyikiwa kwahiyo naandika namba zangu kama zilivyo. Nilitaka kina cha sentimita 6. Vipande viwili vya juu nilikata upana 4.5 kila kimoja, sentimita moja inaliwa na mshono wa zipu, moja inaliwa na mshono wa nje, inabaki 2.5 kila upande, na zipu yenyewe ikiwa katikati inaonekana kama sentimita moja, jumla 6. Ubavu wa chini hauna zipu, huo unakatwa 8 tu. Zipu nilitumia ya nailoni namba 5. Ile namba inakaribiana na upana wa meno yakiwa yamefungwa kwa milimita, namba 3 ni ya gauni na foronya, kwenye begi la kila siku inachoka mapema. Na uzuri wa nailoni unaweza kuikata kwa mkasi urefu unaotaka, ila ukishakata shona mara kadhaa kukatiza meno pale mwisho, la sivyo kichwa cha zipu kinatoka na kukirudisha ni kazi.

Kabla ya cherehani kugusa zipu naipiga bandi kwa mkono, uzi wa rangi tofauti, mishono mirefu. Pini zinasukuma zipu inaanza kutembea, unamaliza upande mmoja umeenda sawa na wa pili umepinda kama njia ya mbuzi. Bandi inachukua dakika kumi na inaokoa jioni nzima. Alafu kile kichwa cha zipu, ukikishona kikiwa pale pale njiani mguu wa cherehani unalazimika kukizunguka na mshono unatoka na kona. Shona mpaka ukikaribie, simama sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa, inua mguu, vuta kichwa kipite nyuma, shusha mguu, endelea.

Cherehani yangu ilinisumbua sana kwenye hicho cha pili na nilikuwa nakaribia kuilaumu. Chini ya kitambaa nyuzi zikawa zinajikusanya fungu zima kama kiota, mimi nikawa nafungua bobini, ile ya uzi wa chini, nasafisha, narudisha, kiota kile kile. Kumbe kiota cha chini mara nyingi kinatoka juu. Nilikuwa napitisha uzi wa juu huku mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa, na mguu ukishushwa zile sahani mbili za kukazia uzi zinakuwa zimebana, uzi unapita juu yake badala ya katikati, kwahiyo hakuna kinachoushika, unamwagika chini. Inua mguu, pitisha uzi upya kuanzia mwanzo, utasikia ukivuta uzi mguu ukiwa chini unakaza. Kiota kikaisha siku hiyo hiyo.

Tatizo la pili sindano. Nilikuwa na ile ya kawaida ya 80, nikifika kwenye tabaka nne za turubai inaruka mishono, alafu ikavunjika, kipande kikaruka pembeni ya shavu langu. Tangu siku hiyo navaa miwani nikishona vitu vinene na nawasihi na nyinyi mvae. Kwa turubai na jinzi nimehamia 100, kwenye pakiti inaandikwa 100/16, ile 100 maana yake unene wa milimita moja kamili. Uzi poliesta, mshono urefu wa milimita 3 mpaka 3.5, sio ule wa 2 wa nguo nyepesi kwasababu matundu yakikaribiana sana kwenye kitambaa kinene unakuwa umekitoboa kama karatasi ya kuchana. Na ile sehemu mkanda unapokutana na ubavu, penye kilima, mguu wa cherehani unainama nyuma na kukwama. Kunja kipande cha turubai kifike unene ule ule, kiweke chini ya mguu kwa nyuma, mguu unakuwa umelala sawa na unapanda bila kugoma. Hatua tano sita za mwisho zungusha gurudumu kwa mkono, acha kukanyaga.

Gamu, ile ya kupiga pasi ya kukazia kitambaa, nilikosea pia. Nilikuwa nasugua pasi kwenda na kurudi kama napiga pasi shati, gamu ikatembea ikashika imekunjika. Pasi inawekwa, inakandamizwa sekunde kumi na kitu juu ya kitambaa chenye unyevu, inanyanyuliwa, inawekwa pembeni yake. Alafu unaacha kitambaa kipoe kikiwa kimelala hapo hapo, gundi inashika ikipoa. Na gamu yenyewe naipunguza isifike kwenye ile sentimita moja ya mshono, unene unapungua sana pale unapohitaji upungue.

Siku ya kuunganisha nilishona mbele na ubavu, nikashona nyuma na ubavu, uso kwa uso, mgongo nje, kila kitu kimekaa vizuri, nikataka kukigeuza. Zipu nilikuwa nimeifunga. Begi lote limezunguka limefungwa na kichwa cha zipu kiko ndani, nje siwezi kukifikia. Nilifumua sentimita 10 za mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kushona. Sasa kabla ya mshono wa mwisho naifungua zipu nusu na kusema kwa sauti, zipu iko wazi. Nasema kweli, kwa mdomo.

Pembe za mviringo, ubavu ukiwa umenyooka haukubali kuzunguka mpaka uukate vijimkato vidogo ukingoni, kila sentimita moja, kina cha milimita 6 au 7, usifike kwenye mstari wa chaki. Ukishamaliza kushona, ile pande ya mbele yenye mviringo unaitoa vipembe vidogo vya umbo la V ili ikigeuzwa isijirundike ndani. Cha pili kilikuwa na pembe nzuri mno, nilizipapasa.

Mama akakivaa. Tatizo jipya.

Kilikaa kiunoni, lakini ukingo wa juu ukawa umeachana na mwili, umekaa kama mdomo wazi, unaweza kupitisha mkono mzima kati ya kibegi na tumbo, wakati ukingo wa chini unamkaba. Akitembea kinapiga piga. Nikakaza mkanda, juu bado wazi, chini kunazidi kukaba, akasema anahisi kama amefungwa na kamba ya mzigo. Nilidhani ni uzito, nikatoa vitu, hali ile ile. Siku mbili nilikuwa naangalia tu lile begi.

Jibu nililipata kwenye ndoo. Ilikuwa imegeuzwa juu chini inakauka, na mimi nilikuwa na kipande cha karatasi ya modo mkononi, mstatili mrefu ulionyooka, nikakizungushia ile ndoo bila kufikiria sana. Ikakaa vile vile kama kibegi cha mama: chini imegusa, juu imeachana. Ndoo iliyogeuzwa ni nyembamba juu na pana chini, na kiuno kuelekea nyonga ni hivyo hivyo. Mkanda ulionyooka hauwezi kulala kwenye umbo la namna hiyo, hata uukaze vipi. Nikaichukua ile karatasi nikaikunja kidogo kidogo ukingo wa juu mpaka ikalala yote kwenye ndoo, alafu nikaitoa nikaiweka mezani. Ilikuwa imepinda, ncha zake mbili zimeinuka juu kama pembe za ng'ombe.

Kwahiyo masikio, yale mabawa mawili ya pembeni yanayoshika mkanda, hayatakiwi kutoka kwenye kibegi yakiwa yamenyooka, yatoke yakielekea juu kidogo. Kiasi gani? Hicho sikukitoa kwenye ndoo, nilikitoa kwa mama. Nilimwomba asimame, nikamshikisha karatasi ya kibegi tumboni, nikachukua gazeti nikalizungusha kiunoni kutoka pembeni ya karatasi kwenda nyuma, nikaliacha lielekee lenyewe linakotaka, nikabana na pini pale lilipolala bila kukunjamana, nikachora. Kwenye sikio la urefu wa sentimita 11 ncha ilipanda sentimita 2. Basi. Sentimita mbili tu, na ndo zilikuwa zinamkaba. Mtu mwenye nyonga pana zaidi itapanda zaidi, asiye na nyonga karibu itanyooka, na kama unataka kibegi cha kuvaa kifuani kwa kukatiza bega basi acha masikio yamenyooka, pale hakuna ndoo.

Wakati nampima nikamwambia akae pia. Na hapo nilijifunza kingine, akiwa amesimama kiuno kilikuwa na kipimo chake, akikaa kiliongezeka sentimita 5. Vile viwili vya kwanza nilimpima amesimama, lakini kibegi anakivaa amekaa, anakivua amekaa, na kwenye gari anakaa nacho saa nzima. Mkanda unahitaji kuwa na nafasi ya vyote viwili.

Sasa klipu. Vidole vya mama haviwezi kubonyeza, nilijaribu hata klipu kubwa bado zinahitaji nguvu ya kidole gumba. Nikaweka velkro, ule utepe wa kubandika na kubandua, upande mmoja laini na mwingine mgumu. Watu wanaogopa velkro wanasema itaachia, na itaachia kweli ukiiweka ivutwe kwa kubanduliwa, lakini ukiivuta kwa ubapa, pande mbili zikivutana huku zimelala moja juu ya nyingine, ina nguvu ajabu. Inanata kama zile mbegu zinazoshika suruali ukipita majanini, na kweli mhandisi wa Uswisi George de Mestral alipata wazo kwa kuangalia mbegu za namna hiyo zilizong'ang'ania manyoya ya mbwa wake. Nilifanya hivi: kwenye sikio la kushoto nimeshona pete ya chuma, mkanda wa upana wa milimita 38 unatoka sikio la kulia, unazunguka nyuma, unakuja kupita kwenye pete, unarudi kulala juu yake wenyewe. Upande laini sentimita 15, upande mgumu 8, ili awe na pa kukaza na pa kulegeza. Mzigo wote unavuta kwa ubapa na pete inagawana, na kufungua ni kushika ncha na kubandua, hakuna kubonyeza. Ncha yenyewe nimeikunja mara mbili nikaiacha bila velkro sentimita 3, ipate kushikika. Na nimeiweka kushoto kwasababu mkono wake huru ni wa kushoto, anavuta kuelekea nyuma kwenye nyonga, mkono unaenda wenyewe.

Upande mgumu uangalie mbali na nguo, la sivyo sweta lote litatoka nyuzi. Na usipitishe pasi juu ya velkro, inayeyuka.

Mkanda wa nailoni ukishakata ncha ziunguze kidogo kwenye moto wa kiberiti zisifumuke, dirisha likiwa wazi, usiguse mpaka ipoe kwasababu ile plastiki iliyoyeyuka inang'ang'ania kwenye ngozi. Ukiwa na mkanda wa pamba usijaribu, pamba haiyeyuki inawaka, huo unakunja na kushona. Mkanda kwenye sikio nimeshona mraba na msalaba ndani yake, nikauzungukia mara mbili, na ule mwisho wa mkanda nimeuingiza ndani ya sikio sentimita 3. Vibegi vya kununua ukivifumua unakuta mkanda umeingia milimita chache tu kwenye mshono, ndo maana vinaachia pale pale kila siku.

Zipu nayo nimeigeuza. Ikiwa imefungwa kichwa kinakaa kulia, mama anavuta kuja kushoto, mkono unafunguka kwenda nje badala ya kujikunja tumboni. Kwenye kichwa nimefunga kitanzi cha utepe mpana, kidole kizima kinaingia, hahitaji kubana kile kichuma kwa ncha za vidole. Kandokando ya zipu nimekanyagia mshono wa juu milimita 3 kutoka kwenye meno, bitana isije ikaumwa na zipu, na nimeisugua meno na kipande cha mshumaa, inateleza kama maji. Kufungua zipu kwa mkono mmoja kunahitaji kibegi kisimame chenyewe kisifuate mkono, kwahiyo gamu nimeiweka nene kwenye ubavu wa juu, kuliko hata mbele. Cha pili kilikuwa kimelegea pale, ukivuta zipu begi zima linakuja nayo.

Mgongoni, upande unaogusa mwili, kuna mfuko bapa wenye zipu yake, wa hela na kitambulisho. Huo unashonwa mapema kabla ya kuunganisha chochote, nilishausahau mara moja na hauwezekani tena baadaye. Kitambaa cha mgongo ni pamba tupu, niliacha ile turubai iliyopakwa nta ya kuzuia maji kwasababu inazuia na jasho, mgongo wa kibegi unalowa kwa ndani.

Mishono ya ndani nimeifunika na paipini, yaani ukanda mwembamba wa kufunika kingo, ya kukata mwenyewe, kitambaa cha bitana kilichobaki, nimekata kwa mshazari upana wa sentimita 4. Mshazari ndo unakipa uwezo wa kuzunguka pembe bila kukunjamana, ukikata kwa kunyooka kinagoma. Nilishona kwa mkono, jioni mbili, subana kidoleni. Ningeweza kwa mashine lakini pale kuna tabaka sita na nilitaka mkono wa mama ukiingia ndani usikutane na ukingo wa kukwaruza.

Siku ya kumpa nilikaa kimya nikamwangalia tu. Alikaa kwenye kiti, akaegemeza fimbo ukutani, akakiweka tumboni, akapitisha mkanda kwenye pete mara ya kwanza ikakosa, mara ya pili ikapita, akavuta, akabandika. Akasimama. Akajaribu kupitisha kiganja kati ya kibegi na tumbo juu, hakikupita. Akaingiza kidole kwenye kitanzi, akafungua, akatoa simu, akairudisha, akafunga. Tangu asimame fimbo iko mkono wa kulia. Alafu akaniambia, "Hii sasa ndo umenishonea mimi." Nilitoka nje kidogo.

Ameshakaa nacho siku nne. Jana ameniita akanionyesha mfuko wa mgongoni, kitambulisho kinaingia lakini kwa kubanwa, anataka uongezwe sentimita moja, na anataka kitanzi kidogo ndani cha kuning'iniza funguo zisizame chini. Mfuko itabidi nifumue paipini upande mmoja, kitanzi nitakishonea kwenye mshono ule ule nikiwa nimeufungua. Uzi wa rangi ile bado ninao.